Majibu ya Kichwa cha Mama Pastory

Kitu ambacho Skolastika alikichukia kuliko mvua ya ghafla juu ya dagaa wabichi ni mtu kumjibia. Umuulize yeye, halafu mwingine ndiye afungue mdomo! Alikuwa hivyo tangu usichana, na marehemu mumewe alilitambua hilo mapema, wakaishi kwa amani. Pale Katonga, mwaloni kando ya ziwa, wanawake wenye chanja za kuanikia dagaa walimwita Mama Pastory, na walijua kwamba ukitaka bei ya dagaa wake unamuuliza yeye, siyo jirani yake, wala siyo mkwewe.

Kwa hiyo ukisikia kwamba mama huyu, mtu mzima wa kanisa, alisimama siku moja sebuleni kwa mwanawe akawafokea watu wazima mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza, usiseme uzee umempanda kichwani. Hivyo ndivyo walivyosema wao, na hivyo ndivyo walivyokosea.

Mambo yenyewe yalianza kwenye rozari. Jumuiya ilikuwa imekutana nyumbani kwa Rozalia, rafiki yake wa miaka mingi ambaye chanja zao zinapakana, na zamu ya kuongoza fungu ilikuwa ya Skolastika. Alianza vizuri. Akafika katikati ya Salamu Maria, maneno yakamtoka. Siyo kwamba aliyachanganya. Hayakuwepo. Maneno aliyofundishwa na mama yake kabla hajajua kujifunga kitenge yalikuwa yameondoka kichwani, na pale yalipokuwa pakabaki patupu. Rozalia akadhani mwenzake amemkumbuka marehemu, akaidaka ile sala, wengine wakafuata. Skolastika akainamisha kichwa kama mtu anayelia. Hakuwa analia. Alikuwa ameogopa.

Hakumwambia mtu. Baada ya muda, tangazo likasomwa kanisani: kuna watafiti wamefika, wako kwenye zahanati moja huko Ujiji, wanapima kumbukumbu za wazee kwa mashine inayosoma umeme wa ubongo. Anayependa aende, ila nywele zioshwe na zisipakwe mafuta. Watu wakacheka. Mzee mmoja kwenye benchi la nyuma akasema wa kwake ubongo usisumbuliwe, luku iliisha siku nyingi. Skolastika alicheka pamoja na wenzake, na asubuhi iliyofuata akafumua mabutu yake, akaosha nywele kwa sabuni ya mche, akaenda.

Aliyempokea alikuwa kijana mmoja mpole anayeitwa Bonfils Ndayikunda. Ukoo wake ulivuka kutoka Burundi zamani, ukalima, ukasomesha, na yeye sasa ndiye aliyekuwa akiwavisha wazee wa Ujiji kofia ya nyaya. Alimwamkia kwa adabu, akamkalisha, akamvika kofia ya kitambaa yenye vifungo vidogo, na chini ya kila kifungo akatia ute wa baridi uliopenya mpaka kwenye ngozi ya kichwa. Akamwambia afumbe macho. Afumbue. Asikilize milio. Atazame picha, halafu aseme alizoziona. Kwenye kompyuta mistari ikawa inapita, inapanda na kushuka.

"Ndiyo mawazo yangu hayo?" Skolastika akauliza.

"Hapana, Mama. Mawazo yako siwezi kuyaona. Naona jinsi ubongo unavyofanya kazi tu. Kumbukumbu ikianza kupungua, mara nyingine hii mistari hubadilika mapema, hata watu wa nyumbani hawajaona kitu. Sasa mtu akijua mapema, anajipanga."

"Basi mimi nataka kujua."

"Utaambiwa, Mama."

"Niambiwe mimi. Siyo mtu mwingine."

"Ego, mawe," Bonfils akaitikia kwa Kirundi, yaani ndiyo, mama. "Utaambiwa wewe."

Kisha akamwomba namba ya mtu wa karibu, ikitokea simu yake haipatikani. Skolastika akampa ya Pastory, mwanawe mkubwa, fundi wa mashine za boti palepale Katonga. Mama gani asingempa namba ya mwanawe?

Majibu hayakuja. Kilichokuja ni wema.

Wa kwanza kuuleta alikuwa Catherine, mke wa Pastory. Huyu Catherine kwa miaka yote alikuwa akipita Katonga kwa haraka, ameziba pua kwa ncha ya kitenge, maana harufu ya dagaa ilimpa kichefuchefu. Ghafla akawa anafika kila asubuhi. Boti zikiingia, yeye yuko mbele. Skolastika akishika karai, Catherine analichukua. "Pumzika, Mama. Kaa kivulini, Mama. Nitawageuza mimi, Mama." Akawa anawageuza dagaa vibaya, anawavunja vichwa, na Skolastika amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mikono haina kazi, anatazama mali yake inavyoharibiwa kwa upendo.

Kisha Samson, mnunuzi wa kutoka Kasulu. Samson na Skolastika walikuwa wakipatana bei kwa kelele ambazo mgeni angedhani ni ugomvi wa mirathi. Yeye atasema ni gunia la takataka, Skolastika atamwambia arudi kwao akale majani ya muhogo, na mwisho watacheka na kufunga mzigo. Siku hiyo Skolastika alitaja bei, akaiongeza makusudi, akasubiri vita. Samson akaitikia kwa kichwa tu. "Sawa, Mama. Hiyo ni nzuri kabisa." Halafu akazunguka nyuma ya chanja, akainama kwa Catherine, na Skolastika akamsikia akiuliza kwa sauti ya chini, "Eh, bei yenyewe hasa ni shilingi ngapi?"

Aliumia kuliko kama angetukanwa.

Nyumbani, wajukuu wakawa wanamuuliza kila asubuhi, "Bibi, leo ni siku gani?" Akawajibu kwamba ni siku ya kuchapwa wote, wakakimbia kwa mama yao kupeleka majibu. Jiko lake la mkaa likahamishiwa kwa Catherine. Rozalia naye, Rozalia wake, akaanza kuongea naye polepole na kwa sauti kubwa, kama mtu anayemwelekeza kiziwi njia.

Mara kwa mara alimuuliza Pastory, "Watu wa Ujiji hawajapiga simu?"

"Bado, Mama," Pastory akajibu, macho kwenye mashine aliyoifungua. "Mambo ya watafiti hayo, yanachukua muda."

Skolastika akaanza kuamini kwamba anakufa. Itakuwa wameona kitu kibaya kichwani, uvimbe labda, na watu hawa wote wanamsindikiza. Akawa anawaangalia wajukuu kwa huruma na kuwasamehe makosa yao. Wazia mateso hayo! Mtu anajiaga mwenyewe polepole, kwa ugonjwa asioujua, kwa sababu wanaoujua wamekubaliana kuwa na huruma.

Likaja la kumruka zamu. Jumuiya ilikutana tena, safari hii kwa mwenyekiti wao, Mzee Elikana, na zamu ikaja kwa mzunguko kama ilivyo siku zote. Aliyekaa kushoto kwa Skolastika akamaliza fungu lake. Skolastika akashika punje ya rozari, akavuta pumzi. Alikuwa amejizoeza sala zile nyumbani wiki nzima, akipika na akifagia, ili aibu ya siku ile isirudi. Mzee Elikana akakohoa kidogo, akasema, "Fungu linalofuata, Mama Rozalia." Na Rozalia, aliyekaa kulia kwake, akaanza kusali bila hata kugeuza shingo.

Ibada ilipokwisha, Skolastika alimvuta Rozalia nyuma ya jiko la Mzee Elikana.

"Nina ugonjwa gani?"

"Ugonjwa gani tena, mwenzangu? Mungu ni mwema, wewe..."

"Rozalia. Usiniongeleshe kama mtoto. Nina ugonjwa gani?"

Rozalia akatazama chini. Akaanza kukunja ncha ya khanga yake. "Siku ile ulipokwenda arusini Ilagala, Pastory alikuja kwenye jumuiya. Alisema watu wa kile kipimo wamempigia. Akasema kichwa chako kimeanza... akatuomba tukuombee. Na tusikwambie. Alikuwa analia, dada. Tungefanyaje?"

"Alikuja mbele ya jumuiya nzima?"

"Jumuiya nzima."

"Na Samson? Wa Kasulu?"

"Na yeye," Rozalia akasema, akiikunja tena ile ncha ya khanga.

Tuseme ukweli hapa: hakushukuru kwamba si uvimbe. Wala hakuogopa, bado. Alishikwa na hasira, hasira safi iliyompanda kutoka miguuni, akaikaza rozari kwa mikono yote miwili. Watu wa Katonga walijua habari za kichwa chake. Wauza mafuta ya taa walijua. Mtu wa Kasulu, anayekuja na lori na kuondoka, alijua. Kichwa kilikuwa chake, ute wa baridi ulimwingia yeye, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa hajui.

Kesho yake asubuhi hakwenda Katonga. Alipanda bodaboda mpaka Ujiji.

Bonfils alikuwa akisafisha ile kofia ya nyaya kwa mswaki. Alipomwona mlangoni alisimama haraka. "Shikamoo, Mama. Karibu, Mama. Habari za..."

"Majibu yangu yako wapi?"

"Mama, karibu kiti."

"Sikuja kukaa. Nilikwambia niambiwe nani?"

Bonfils akauweka mswaki chini. "Wewe, Mama."

"Ukamwambia nani?"

"Mama, naomba unielewe. Kwetu mgonjwa haambiwi. Na kwenu pia ni hivyohivyo, unajua. Bibi yangu alipougua tulimwambia ni malaria mpaka siku tuliyomzika. Kazini nilifundishwa nimweleze mwenyewe, ndiyo. Lakini nilikukumbuka, na una umri wa bibi yangu, nikasema mimi nani wa kumwambia mtu mzima maneno kama hayo? Mdomo haukufunguka. Nikampigia mtoto wako mkubwa. Ilikuwa ni heshima, Mama."

"Heshima ya nani?" Skolastika akauliza. "Uliniheshimu mimi, au ulijihurumia wewe?"

Bonfils akauokota mswaki, akauweka tena. Masikio yake yalikuwa yamechemka. Nje wazee wengine walikuwa wamekaa kwenye benchi, nywele zimefumuliwa, wanasubiri kuvishwa kofia, na bila shaka kila mmoja ameshaandika namba ya mtoto wake.

"Sasa niambie," Skolastika akasema. Na hapo ndipo alipovuta kiti, akaketi, akaweka mikono yake mapajani. "Niambie kama ulivyomwambia Pastory. Usipunguze."

Bonfils akaketi mbele yake. Akaanza kwa kigugumizi, halafu kikamtoka. "Mistari ya ubongo wako inakwenda polepole kuliko ya watu wengi wa umri wako. Tukiunganisha na yale maswali na zile picha, inaonyesha kumbukumbu yako imeanza kupungua. Imeanza tu, Mama. Kipimo hakisemi utafika wapi wala lini. Kuna wanaokaa miaka bila kubadilika sana. Kuna wanaoendelea kusahau."

"Nitawasahau wanangu?"

Kijana yule alikuwa na jibu la kumfariji. Lilionekana likimjia usoni. Akaliacha. "Inawezekana, Mama. Sijui."

Skolastika akatikisa kichwa mara kadhaa. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa kiganja kwa ukali. Hilo sasa lilikuwa neno. Baya, lakini lake.

"Na ulimwambia Pastory nifanye nini?"

"Upime presha, na masikio. Utembee. Ukae na watu. Na kazi usiache, Mama, hilo nililisisitiza sana. Kazi na maneno na mahesabu ya sokoni, hivyo vinausaidia ubongo. Nilimwambia, mama asikae bure."

"Kwamba nisikae bure."

"Nilimwambia hivyo, Mama."

Skolastika akacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Akasimama. Bonfils naye akasimama, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Utanisamehe, Mama?"

"Siyo leo," Skolastika akasema, akatoka.

Aliposhuka kwenye bodaboda Bangwe, mtaani kwao, mlangoni kwa Pastory alikuta viatu vya watu. Miongoni mwavyo vilikuwemo vya Gervasi, mdogo wake, anayeishi Ilagala. Gervasi hawezi kuja mjini siku ya kazi bila sababu. Skolastika akavua vyake, akavipanga pembeni ya vile vingine, akaingia bila hodi.

Walikuwa watatu, Pastory, Catherine na Gervasi, na mezani kulikuwa na chai. 

"Dada!" Gervasi akasema, akitanua mikono. "Tulikuwa tunakuongelea kwa mema tu."

"Endeleeni. Na mimi nisikie hayo mema."

Gervasi akamtazama Pastory. Pastory akamtazama Catherine. Catherine, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na roho ngumu kidogo, akasema, "Mama, tulikuwa tunafikiria kwamba umechoka. Ukapumzike Ilagala kwa mjomba. Kule kuna hewa nzuri. Chanja za Katonga nitaziangalia mimi."

"Unawavunja vichwa," Skolastika akasema.

"Mama?"

"Dagaa. Unawavunja vichwa ukiwageuza. Gunia lako la juzi lilikuwa unga mtupu. Samson alilichukua kwa kunionea huruma." Akamgeukia Pastory. "Nimetoka Ujiji. Bonfils ameniambia."

Pastory alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mikono yake ina weusi wa oili usiotoka hata kwa sabuni ya unga. Uso wake ukakunjamana palepale. "Mama, nisikilize. Nilikuwa nakuonea huruma."

"Huruma! Uliitoa huruma hiyo ukaitangaza kwenye jumuiya. Ukampelekea mpaka mnunuzi wa Kasulu. Kila mtu hapa Katonga ameonja huruma yako ila mimi mwenye kichwa. Nilikuuliza, Pastory. Nilikuja kwako nikakuuliza kwa mdomo wangu, ukaniambia 'bado'. Ukaniacha nadhani nakufa. Unajua nimekaa na kifo miezi yote hii, peke yangu, naagana na wanao kimoyomoyo? Unajua?"

"Nikuambieje, Mama?" Pastory akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Mtoto amwambie mama yake kwamba akili zake zinaondoka? Kwa mdomo upi?"

"Mdomo uliotumia kuwaambia wengine."

"Dada, punguza sauti," Gervasi akasema. "Watu wanasikia. Na hii ndiyo desturi yetu, wewe mwenyewe unajua. Hata shemeji alipougua hatukumwambia."

Hapo ndipo majirani walipotoka nje.

"Usimtaje!" Skolastika akapiga kelele. "Usimtaje mume wangu kwenye kikao chenu cha kuniuza! Nani alisema asiambiwe? Wewe! Wewe na kaka zake mlinikalisha chini mkaniziba mdomo, nikawaambia yule mtu ana mambo ya kupanga, ana maneno ya kuwaambia wanawe, mkasema mwanamke asilete uchuro. Akafa ananiuliza mimi kinachomuua. Ananishika mkono ananiuliza! Desturi yenu hiyo mimi naijua kuliko nyinyi, maana nilikuwa nimeshikwa ule mkono. Haikumsaidia yeye hata kidogo. Iliwasaidia nyinyi msione uso wake."

Gervasi akainama, akaanza kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukorogwa.

Skolastika alikuwa anahema. Akaketi, ingawa hasira haikuwa imekwisha. Alipoongea tena sauti ilikuwa chini, na waliokuwa nje walilazimika kusogea dirishani.

"Sikilizeni. Bonfils anasema imeanza tu. Kwa hiyo akili ninazo, na maneno haya nayasema nikiwa na akili zangu. Ilagala siendi. Katonga nitaendelea kwenda. Catherine, ukitaka kuja njoo, nitakufundisha kugeuza dagaa, lakini bei nataja mimi mpaka nishindwe, na siku nikishindwa utaniambia, usoni, kwamba Mama leo umeshindwa. Gervasi, maliza chai yako urudi kwako. Na wewe, Pastory."

"Naam, Mama."

"Uniahidi kitu. Siku yoyote nikikuuliza habari za kichwa changu, utaniambia kweli. Utaacha unachofanya, utaniangalia, utaniambia. Hata nikikuuliza mbele za watu. Hata kama umechoka. Usiniambie 'bado'. Neno hilo usinitajie tena maishani."

"Nakuahidi, Mama." Pastory aliahidi haraka, akashukuru moyoni kwamba adhabu yenyewe ni nyepesi. Masikini, hakujua alichoahidi.

Mambo yakaenda hivyo. Skolastika akarudi kwenye chanja zake. Samson alipokuja akakutana na bei ya kikatili, na alipoikubali kwa upole akatukanwa mbele ya wapakiaji wake mpaka akaanza kupiga kelele za zamani, na mambo yakawa sawa. Kwenye jumuiya aliomba zamu yake mwenyewe, akaiongoza, na alipokwama alisema wazi, "Nimekwama, nisaidieni," wakamsaidia, akaendelea. Catherine akajifunza kugeuza dagaa. Hakumpenda mkwewe zaidi ya awali, lakini siku moja alimwambia usoni, "Mama, leo umemrudishia mtu chenji mara mbili," na Skolastika akahesabu hela upya, akasema, "Haya. Kuanzia leo chenji shika wewe." Ziwa lilifungwa kwa ajili ya samaki kuzaliana, likafunguliwa, likafungwa tena, na kila lilipofunguliwa kulikuwa na kitu kingine alichomkabidhi Catherine. Mwishowe bei nayo.

Kisha ikaja asubuhi moja ya jua kali. Skolastika alikuwa amekaa kwenye ndoo yake karibu na chanja, akitenga dagaa na uchafu, kazi ambayo vidole vyake viliifanya vyenyewe. Upepo ukapita kwenye nywele zake, akasikia baridi kichwani. Akakumbuka ute. Akakumbuka kofia ya nyaya, na yule kijana mpole, na mistari inayopanda na kushuka. Alikuwa amepimwa! Aliwaambia aambiwe yeye, na mpaka leo hakuna aliyemwambia kitu. Wanajua. Catherine yule hapo ndiye anayepokea hela, Samson yule anaongea naye, na yeye amekaa kwenye ndoo kama mzigo. Wote wanajua. Hasira ikampanda kutoka miguuni, safi kabisa, kama haijawahi kupanda.

Alipita katikati ya chanja akielekea kwenye banda la mafundi. Catherine alimwona, akamwacha apite. Samson alivua kofia.

Pastory alikuwa ameinamia mashine, wateja wawili wamesimama wakimhimiza, boti yao inasubiri majini.

"Majibu yangu yako wapi?" Skolastika akasema.

Mmoja wa wateja akacheka. Pastory hakucheka. Alisimama wima, spana mkononi, na kwa kitambo kidogo neno lile fupi alilokatazwa lilikuwa palepale kwenye ulimi wake. Angelisema, mama angerudi kwenye ndoo yake, na kabla ya jua kutua angekuwa ameshasahau kwamba aliuliza. Angeweza pia kusema kweli nyingine: kwamba ameshamwambia, juzi alimwambia, na wiki iliyopita, na wiki ile nyingine, na kila mara alipokea kipigo kilekile.

Aliweka spana chini. Akafuta mikono. Akavuta kigoda, akamkalisha mama yake, na yeye akachuchumaa mbele yake ili macho yao yalingane.

"Majibu yalitoka, Mama. Kumbukumbu yako inapungua. Ilianza polepole, sasa imeendelea."

Skolastika alimwangalia. Maneno yalimfikia moja moja, na yote yalikuwa mapya.

"Nitakusahau?"

"Inawezekana, Mama."

"Na wewe ulijua lini?"

"Zamani, Mama."

"Ukaninyamazia?"

Yule mteja alikuwa ameacha kucheka. 

"Nilikunyamazia, Mama. Nilikosea."

Skolastika akampiga kofi. Halafu akaanza kumfokea, kwa Kiswahili na kwa Kiha, mbele za watu, habari za huruma na jumuiya na mdomo aliotumia kuwaambia wengine, na Pastory akabaki amechuchumaa, anamwangalia usoni, anasikiliza mpaka mwisho.